Hotuba Isiyopigiwa Makofi

Nchi hiyo ipo mpaka leo na watu wake wanasoma magazeti, kwa hiyo jina lake tuliache lilipo. Si woga, ni adabu tu. Yatosha kujua kwamba ina bendera, ina wimbo, ina bunge lenye viti vya kuzunguka, na ina mashine moja kubwa ya mviringo ambayo majirani zake wote hawana.

Mashine hiyo kwenye makaratasi inaitwa Mtambo wa Taifa wa Sinkrotroni, lakini wanaoishi karibu nayo huiita Pete, kwa jinsi ilivyokaa kama pete ya chuma iliyomponyoka jitu kidoleni. Kazi yake si ngumu kueleza. Ndani ya bomba la mviringo hukimbizwa vitu vidogo visivyoonekana, elektroni, mbio za kufa mtu, na kila vinapokata kona hutoa mwanga unaolishinda jua. Mwanga huo ukipitishwa kwenye kitu kidogo mno, tuseme protini ya kijidudu cha ugonjwa, huonyesha sura yake ilivyo, kona kwa kona. Anayetafuta dawa anaihitaji sura hiyo, kwa sababu hakuna fundi cherehani anayemshonea suruali mtu asiyempima.

Maombi ya fedha yalipofika bungeni, mheshimiwa mmoja aliuliza kwa nini kumulika kitu kisichoonekana kugharimu fedha zinazoonekana. Mwingine alitaka Pete inyooshwe, ili badala ya kujizungusha ndani ya jimbo moja kama mbwa anayetafuta mkia wake, ipite majimbo mengi na kila mwananchi apate kipande. Waziri akajibu kwamba wazo hilo ni zuri na litafanyiwa kazi. Mwishowe bunge likapitisha fedha za kujenga, maana kujenga kunaonekana na kuna mkandarasi. Fedha za kuendesha likazikataa, kwa hoja kwamba mashine ikishanunuliwa inapaswa kujitegemea, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri.

Pete ikajengwa, ikazinduliwa kwa ngoma na njiwa, kisha ikazimwa.

*

Lakini msiidharau nchi hiyo, ina akili zake. Fungu la Utafiti lilikuwa tupu kuanzia Januari hadi Desemba. Fungu la Mapokezi ya Viongozi halikukauka hata mwaka wa ukame. Na Kanuni ya Mapokezi, iliyotiwa saini na Mkuu wa Nchi mwenyewe, ilisema hivi: popote mgeni rasmi anaposimama kuhutubia, kila kilichopo kionekane kinafanya kazi. Kama ni bomba, litoe maji. Kama ni zahanati, iwe na dawa, hata za kuazima. Kama ni Pete, izunguke.

Kwa hiyo kila alipokuja kiongozi, malori ya itifaki yalitangulia na majenereta makubwa kama nyumba, lori la dizeli nyuma yake, mitungi ya naitrojeni ya kupoozea mitambo, masufuria ya pilau na zulia jekundu. Kiongozi akimaliza kusema, vyote hupakiwa na kuondoka, na Pete hubaki imelala kama mke wa baharia.

Ndani ya Pete hiyo aliajiriwa Daktari Sikudhani Mlawa, mtafiti wa sura za protini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na katika kazi ya kusubiri serikali hiyo ni elimu kubwa kuliko ile aliyoisomea. Miaka mitatu alikuwa anaotesha fuwele. Unachukua protini ya kijidudu, unaibembeleza mpaka inajipanga na kuganda kama chembe ya chumvi, ndogo kuliko chumvi. Kijidudu chenyewe kilikuwa cha kikunja, homa inayowapinda watoto shingo huko Bonde la Mirunda, ambako dada yake, Tausi, alikuwa muuguzi.

Tausi hakuwa na subira ya mdogo wake. Alipiga simu kila Jumapili.

"Mdogo wangu, hiyo pete yenu mmeshaivaa?"

"Bado, dada."

"Sisi huku tunalaza watoto watatu kitanda kimoja, miguu huku, vichwa kule. Dawa ya zamani tunawapa kwa mazoea tu, kama mtu anayempigia simu marehemu."

"Nasubiri umeme, dada."

"Subiri. Na wao nimewaambia wasubiri. Wengine hawasikii."



*

Mara ya kwanza alijaribu siku ya kuzindua lango. Mgeni rasmi alikuwa Naibu Waziri Erasto Nyamle, kijana aliyesoma nje na kurudi na saa kubwa ya mkononi. Majenereta yakanguruma, Pete ikaamka, Sikudhani akaweka fuwele yake ya kwanza mbele ya mwanga. Nje, Naibu Waziri akashika kipaza sauti, akasema, "Ndugu zangu, mambo mengi, muda mchache," akakata utepe, akapigiwa makofi, akaondoka. Majenereta yakazimwa.

Ile fuwele ilikuwa imepigwa picha upande mmoja tu, kama mtu aliyepiga chafya kwa mpiga picha wa pasipoti. Na kwa kuwa mitungi ya kupoozea nayo ilipakiwa, nyingi ya fuwele zilizobaki ziliyeyuka kabla ya jua kuzama. Magazeti yalimsifu Naibu Waziri kwa kuokoa muda wa taifa.

Chande, fundi mwendesha mitambo, alimkuta daktari amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Daktari, nikwambie kitu? Wewe shida yako si fedha. Shida yako ni mropokaji."

"Sina nguvu za mzaha leo, Chande."

"Si mzaha. Hotuba ndefu, mwanga mrefu. Nchi nzima inalia waheshimiwa wanaongea sana, wewe ukaletewa yule mmoja asiyeongea. Hiyo ni bahati mbaya ya kuzaliwa nayo."

Sikudhani akainua uso. "Anayeongea sana ni nani?"

"Mbona unauliza rangi ya makaa."

Kila mtu alimjua Mheshimiwa Ngwegwe, Waziri wa Mambo Mtambuka. Wananchi walimwita Nahitimisha, kwa sababu neno hilo alilisema mapema katika kila hotuba, kisha akaendelea mpaka vivuli vihamie upande wa pili. Ilisemekana aliwahi kuhutubia mazishini, na alipokaa wafiwa walikuwa wameshamaliza arobaini.

*

Afisa Itifaki wa wilaya, Bwana Pazi, alikuwa mtu mwembamba aliyetembea na Kanuni ya Mapokezi kwapani kama wengine wanavyotembea na mwavuli.

"Daktari, mgeni rasmi haji kutazama," alisema. "Mgeni rasmi huja kuzindua. Una nini cha kuzinduliwa?"

"Mashine."

"Ilishazinduliwa."

"Uzio?"

"Uzio, lango, na kibao kinachoelekeza langoni. Hata ule mti wa kumbukumbu umeshapandwa na viongozi wanne, mpaka ukaoza mizizi kwa kumwagiliwa."

Sikudhani akatazama huku na huku. Macho yake yakatua kwenye ile mimbari ya mbao iliyofunikwa turubai pembeni ya uwanja.

"Kaka Pazi, na mimbari je? Hiyo wanayosimama wakizindua vingine. Yenyewe ilizinduliwa lini?"

Bwana Pazi akafungua Kanuni, akaifunga, akavua miwani. "Haijawahi," akasema taratibu, kama mtu aliyegundua uzeeni kwamba siku ya ndoa yake shehe hakuwepo. "Ina maana vyote vilivyozinduliwa juu yake..."

"Tusifike huko, kaka. Tuizindue tu, yaishe."

"Itabidi awe mtu mzito."

"Mheshimiwa Ngwegwe atafaa?"

"Ngwegwe?" Bwana Pazi akamtazama kwa huruma. "Unajua anavyosema?"

"Nimesikia. Na majenereta huzimwa saa ngapi hasa?"

"Hakuna saa. Huzimwa hotuba ikiisha, na hotuba huisha kwa makofi. Kanuni iko wazi: hotuba isiyopigiwa makofi haijaisha, msemaji amepumzika tu."

Hilo la makofi Sikudhani alilisikia na kulipita. Nchi hiyo ilikuwa inapigia makofi hata bei ya sukari ikipanda.

*

Siku ikafika. Wananchi waliletwa kwa malori kutoka Bonde la Mirunda, kwa kuwa ndiko karibu, na ndiko kwenye watu wasio na kazi za kuwazuia kushangilia. Kila mmoja alipewa kofia na soda, akaelekezwa namna ya kufurahi. Tausi naye alipanda lori, maana wagonjwa wake walikuwa migongoni mwa akina mama walioamriwa kuja kufurahi, na hakuona abaki zahanati kumhudumia nani.

Mheshimiwa Ngwegwe alipanda mimbari, akaipapasa, akakohoa.

"Ndugu wananchi, nahitimisha kwa kuuliza: mimbari ni nini? Mimbari si mbao. Mbao ni mbao. Lakini mbao ikipewa dhamana huwa mimbari, kama mimi nilivyopewa dhamana nikawa nani? Nikawa mimi."

Watu wakapiga makofi madogo ya katikati, yale ambayo Kanuni haiyahesabu. Ndani ya Pete, Sikudhani alikuwa ameshaweka fuwele ya kwanza, na Chande amekaza macho kwenye vipimo. Sauti ya waziri ilipenya ukutani.

"Amefika wapi?" aliuliza Sikudhani bila kugeuka.

"Bado yuko msituni, anaukata mti uliotoa mbao."

"Mungu amzidishie."

"Ameukata. Sasa anataja ukoo wa seremala."

Hata Sikudhani akacheka. Sura ya kile kijidudu ilianza kujichora kwenye kioo cha kompyuta, nukta kwa nukta, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu aliona kishimo kidogo ubavuni mwa protini ile, mahali ambapo dawa ingeweza kukaa. Lakini kipimo bado si nguo. Alikuwa na fuwele nyingine zilizolowekwa dawa za kujaribu, kila moja yake, na alihitaji kuzimulika zote ili aone ni dawa ipi inayoingia mahali pale na kushika. Kwa hesabu yake, hata Ngwegwe asingetosha. Alipanga kumalizia atakachopata, kisha aanze kutafuta kitu kingine cha kuzindua.

Ghafla kule nje pakawa kimya. Chande akaweka mkono kwenye meza. "Tayari. Wanazima."

Wakangoja. Pete ikaendelea kuvuma.

*

Sikudhani alipotoka alikuta mambo ambayo Kanuni haikuyaota. Dereva wa waziri, akisikiliza taarifa ya habari ndani ya gari, alikuwa amesikia kwamba uteuzi wa Mheshimiwa Ngwegwe umetenguliwa kuanzia muda huo. Akakunja bendera ya gari, akawasha, akaondoka zake. Mlinzi akamnong'oneza bosi wake sikioni, kisha naye akalikimbilia gari. Ngwegwe akafumba mdomo katikati ya seremala, akasema, "Ahsanteni," akashuka, akakaa kwenye kiti cha plastiki.

Meza kuu ilikuwa inayeyuka. Mkuu wa wilaya alikwenda kujisaidia, katibu wake akaenda kumtafuta, na mwenyekiti wa halmashauri akaenda kuwatafuta wote wawili. Uwanja mzima watu walikuwa wamekaa juu ya mikono yao.

"Kaka Pazi, kuna nini?"

"Hawapigi makofi," alisema Bwana Pazi, jasho linamtoka. "Nani ampigie makofi mtu aliyetenguliwa? Watasema ni kundi lake."

"Basi zima tu majenereta."

"Nizime hotuba haijaisha? Kanuni ina saini ya Mkuu wa Nchi."

Chande alikuwa amesimama mlangoni. "Si upige wewe, bwana mkubwa? Mara mbili tu, pa pa, tukalale."

"Mimi nina watoto wanasoma," alisema Bwana Pazi.

Sikudhani akawatazama wote wawili, akageuka, akarudi ndani. Hakukimbia, lakini Chande anasema hajawahi kumwona mtu akitembea vile.

*

Basi shughuli ikawa inaendelea kisheria. Kwa kuwa inaendelea, dizeli iliendelea kuletwa, naitrojeni ikaendelea kuletwa, na pilau ikaendelea kupikwa, maana Fungu la Mapokezi halijui kuuliza maswali. Malori hayakuweza kuwarudisha watu kabla ya makofi, kwa hiyo watu wakalala chini ya mahema. Ngwegwe, asiye na gari wala cheo, alipewa sahani na akina mama, akala bila kusema neno. Mwanzoni walidhani anaumwa.

Tausi aliingia ndani kumwona mdogo wake.

"Hebu nieleze kama unavyomweleza mama. Hiki kinachovuma ndiyo kile kitu?"

"Ndicho, dada."

"Na kitavuma mpaka lini?"

"Mpaka watu wapige makofi."

"Wewe unahitaji mpaka lini?"

Sikudhani akatazama zile fuwele kwenye baridi yao. "Zimebaki chache. Mbili zilizopita dawa haikushika. Nikipata mpaka kesho jioni, nitajua kama ipo inayoshika au hakuna."

Tausi akatoka. Alikaa na akina mama, akazungumza nao kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kueleza namna ya kuchemsha maji.

"Kwa hiyo sisi tukae tu?" aliuliza mmoja.

"Mkae tu."

"Serikali kwa mara ya kwanza imetuomba kitu ninachokiweza," alisema mwingine, na kicheko kikapita chini ya hema.

Makao makuu, Baraza la Mawaziri lilikaa kikao cha dharura. Waziri wa Utamaduni alipendekeza makofi ya kurekodiwa. Mwanasheria Mkuu alionya kwamba makofi hata ya kurekodiwa yangemsifu aliyetenguliwa, na ushahidi ungekuwepo kwenye kanda. Waziri wa Fedha aliuliza kama kuna nchi rafiki inayoweza kuyafadhili. Hatimaye ikaamuliwa kwamba waziri mpya aende, asimame pale pale alipoachia mwenzake, aimalizie hotuba ile kwa maneno yake, na makofi yawe yake. Waziri mpya wa Mambo Mtambuka alikuwa Mheshimiwa Erasto Nyamle, yule wa saa kubwa.

*

Alifika kesho yake mchana. Wakuu waliokwenda kujisaidia wote walirejea, wamenyoa. Sikudhani alisikia vigelegele vya wale waliolipwa kuvipiga, akasimama kizingitini. Nyuma yake Chande alikuwa anaweka fuwele nyingine.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa Nyamle juu ya mimbari, "mambo mengi, muda mchache. Seremala alifanya kazi nzuri. Natamka kwamba mimbari hii imezinduliwa. Ahsanteni sana."

Akatabasamu, akangoja.

Akina mama wa Mirunda walikaa na mikono mapajani. Hii haikuwa ile mikono ya jana yake iliyokaliwa kwa hofu. Ilikuwa imetulia wazi, viganja juu, kama ya watu wanaopumzika baada ya kupalilia.

"Jamani, makofi kwa mheshimiwa," alisema mshereheshaji.

Mkuu wa wilaya aliinua mikono yake, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona yuko peke yake, akajifanya anafukuza nzi. Mheshimiwa Nyamle akatazama saa yake, akatazama wananchi, na macho yake yakamwangukia mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki, suti imekunjamana, kofia ya bure kichwani.

"Namwona mzee wangu, Mheshimiwa Ngwegwe," alisema kwa sauti tamu. "Mzee hana kinyongo. Kuna nafasi ya ubalozi nchi ya baridi, na Mkuu wa Nchi anaangalia watu wenye moyo. Mzee wangu, hebu tuongoze kwa makofi."

Shingo zote zikageuka. Akipiga huyu mmoja tu, mshereheshaji atafuata, na meza kuu, na wale wa vigelegele, na hapo kikanuni imekwisha. Na Ngwegwe alikuwa mtu aliyepiga makofi maisha yake yote. Alipigia waliompandisha, akapigia waliompandishia wengine kichwani mwake. Mikono yake ilianza kuinuka yenyewe, kama ya mtu aliyeamshwa kusali.

Mama aliyekaa karibu naye akafungua kanga mgongoni.

"Baba," akamwambia, "nishikie mtoto kidogo."

Hakungoja jibu. Akamweka mikononi mwake mtoto wa kike wa miaka kama miwili, shingo imepinda upande, macho makubwa yanamtazama. Ngwegwe akampokea, maana mtoto akikabidhiwa hupokewa. Akatafuta namna ya kuikalisha ile shingo kwenye kiwiko chake. Ikamchukua muda.

"Mzee Ngwegwe," ilirudi sauti ya mimbari. "Tunakusubiri."

Yule mzee akainua uso. Watu wakajua sasa ndiyo ile hotuba, wengine wakajiweka sawa kwenye majamvi.

"Mheshimiwa," alisema, "nimeshika mtoto."

Akanyamaza hapo hapo. Pote palikuwa kimya, ila mvumo wa majenereta, na wa Pete nyuma yake.

"Daktari," aliita Chande kutoka ndani, "kuna dalili ya makofi huko?"

"Hakuna," alisema Sikudhani, akaingia, akavaa glavu. "Nipe inayofuata."